Mpeleke Chemba

Naweka mguu wa kwanza ndani ya chemba na tayari simwamini mtu aliyeshika kamba. Mtu mwenyewe ni Komredi, ndilo jina analojulikana nalo mtaa mzima, na mimi na yeye tunalala chumba kimoja hapahapa kwa Mama Kolowa, Morogoro, na kazi yetu ni moja, kuzibua chemba za vyoo vya watu. Leo iliyoziba ni ya nyumba tunayopanga wenyewe. Chemba nyingi zinaishia magotini, unainama na ufito wako unachokonoa basi, lakini hii ilichimbwa na fundi aliyekuwa na hasira na dunia, mtu mzima anazama mpaka utosi na nafasi inabaki, ndiyo maana mmoja anashuka na kamba kiunoni na mwingine anabaki juu ameishika. Nikivuta, ananipandisha. Ndiyo makubaliano. Anayeshuka siku zote ni mimi kwa sababu mimi mwembamba, ndivyo anavyosema Komredi, na siku zote nimeona sawa. Leo sioni sawa. Asubuhi nikiwa nyuma ya nyumba napiga mswaki nimemsikia Mama Kolowa anamwambia Komredi kwa sauti ya chini, usimwambie hapa mbele za watu, mpeleke chemba ukamalizane naye huko. Komredi akasema, namuonea huruma, mama. Mama Kolowa akasema, huruma haijawahi kumtoa mtu chumbani. Nikabaki na povu mdomoni. Ukamalizane naye huko. Huko wapi, chemba. Na sasa chemba ndiyo hii, na mimi ndiye ninayeshuka, na Komredi kachuchumaa ukingoni ananiuliza, oya Pazi, kamba imekaza? Namwambia kamba imekaza, mikono yako je? Anasema leo una maneno kama mke mwenza, shuka bwana, watu wanataka kujisaidia.

Nashuka. Mwanga juu unakuwa sinia, sinia inakuwa sahani, sahani inakuwa kifungo cha shati. Harufu inanipiga mara moja halafu inakata, kabisa, kama mtu kazima redio, na kazi hii imenifundisha kwamba harufu ya chemba ikikata ghafla haijaondoka yenyewe, iliyoondoka ni pua yako, na hapo inatakiwa uvute kamba haraka. Sivuti. Nawaza nikivuta atajua nimeshtuka. Nawaza huyu si ndicho anachosubiri, na huku nawaza, kichwa kinakuwa chepesi kama kimewekwa juu ya shingo ya mtu mwingine, na mguu wangu unaotafuta matope unakuta lami. Lami kavu, ina mstari mweupe katikati. Iko barabara chini ya choo cha Mama Kolowa na hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Naikanyaga. Inakwenda mbele na inakwenda nyuma, na mbele na nyuma ni sawasawa, na juu yake hakuna mbingu, kuna dari, dari iliyopinda, imetoka ukuta wa huku imeinama imekwenda kushika ukuta wa kule, kama mgongo wa mtu anayefua nguo. Kuta zenyewe ni vioo. Najiangalia kwenye kioo cha kulia naona kisogo changu. Nageukia cha kushoto, kisogo. Kamba bado iko kiunoni, inapanda juu inaingia kwenye dari, lakini pale inapoingia hapana tundu.

Natembea kwa sababu kukaa siwezi, kukaa kulinishinda hata shuleni. Barabara inakunja inajirudia, napita mahali nilipopita, ila safari hii mstari mweupe uko pembeni, halafu napita tena na mstari uko ukutani, na kwenye kona yupo mtu amesimama amevaa buti zangu za mpira. Si zinazofanana na zangu, ni zangu, kiraka cha kisigino kilekile nilichobandika mwenyewe kwa kipande cha tairi. Naangalia miguuni kwangu, buti ninazo. Namwangalia usoni, uso hana. Hajajifunika kitu, hana tu, pale pa sura pako laini kama kitako cha sufuria, na anapozungumza sauti inatoka nyuma ya mgongo wangu. Namuuliza, wewe nani? Anasema, mimi ni mpokeaji. Unapokea nini? Anasema, miji. Namwambia, miji inapokelewaje, acha kuniletea habari za kihuni, nionyeshe pa kutokea. Anasema, kitendawili. Na mdomo wangu, bila mimi kuuruhusu, unasema, tega. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akikwambia kitendawili huwezi kumwambia nenda zako.

Anatega. Bibi hana pembe, wajukuu wake wote wana pembe nne. Nafikiri. Namwambia mbuzi. Anasema mbuzi wa pembe nne umemuona wapi. Namwambia sasa kama huyo bibi hana pembe si ndiyo ajabu yenyewe. Anasema umeshindwa, nipe mji. Naona hii si kitu, utotoni tulikuwa tunagawa miji kama karanga, mtu anatoa hata Dar es Salaam na anakwenda kulala ameshiba. Namwambia, chukua Dumila. Na palepale kioo cha kushoto kinafunguka na Dumila inatokea, Dumila yote, wauza nyanya na wauza vitunguu wamejipanga kando ya barabara, ila wote wanapimia kwa mkono wa kushoto na maandishi ya madukani yanasomeka kutoka nyuma, na mama mmoja ananipungia kama ananijua, halafu mji mzima unajikunja kama mkeka na yule wa buti anaubana kwapani. Anasema, nilikwenda Dumila nikalipata jibu. Bibi ni Kamara. Kwao Ugiriki, na jina lake maana yake ndiyo hiyo iliyo juu ya kichwa chako, paa lililopinda, lisilo na pembe. Akavuka akaenda Roma, Walatini wakamuita kamera, wakamtumia kwa paa, baadaye kwa chochote kilichoezekwa paa hilo, baadaye kwa vyumba hata visivyopinda, vya pembe nne. Wajukuu wake wametawanyika duniani, wengine hawajui hata kama wana bibi. Namsikiliza huku najaribu kukumbuka mji niliompa. Ulianza na herufi gani. Nilikwenda huko na nani, kununua nini. Pale ulipokuwa kichwani mwangu pamebaki kama ukutani ulipong'olewa msumari.

Hapo ndipo nashtuka. Namwambia, umenifanya nini? Anasema, umenipa, nimepokea. Na miji ikiisha? Anasema, anayeamka huamka mahali, wewe ukiwa huna mahali utaamkia wapi? Napiga hesabu ya miji ninayoijua kwa miguu yangu. Mimi si mtu wa safari. Najua Kilosa, kwa shangazi. Najua Gairo, nilikwenda msibani nikapigwa na baridi. Na Morogoro, basi, ya mwisho. Namwambia sichezi tena. Namgeuzia mgongo nakimbia, na barabara inanipeleka mbio, dari inateremka inapanda, kamba inanifuata juu kwa juu, napita mji wa vioo wenye milango isiyo na nyumba, napita uwanja wenye watu wamesimama foleni kuelekea kwa mtu aliyesimama foleni kuelekea kwao, na kwenye kona yupo, buti zangu miguuni, hajatoka jasho, anasema, kitendawili. Nauma ulimi. Ulimi unajing'atua unasema, tega.

Jicho lake limo gizani, ndiyo maana linaona. Hiki nakidharau, namwambia paka. Anasema paka ana macho mawili, nipe mji. Nauma meno natoa Kilosa, na naiona inapita kiooni, stesheni yake, reli yake inakwenda kinyumenyume, shangazi yangu yuko mlangoni anapepeta mchele na ungo uko juu chini na mchele haumwagiki, na nataka kumwambia shangazi nisamehe, lakini nikifungua mdomo sikumbuki nilitaka kumuita nani. Yule wa buti anakunja, anabana kwapani. Jibu ni kamera, anasema. Zamani kilikuwa chumba kitupu chenye giza na tundu moja, ukikaa ndani watu wa nje wanakujia ukutani vichwa chini, wenyewe hawajui. Wakakipunguza chumba mpaka kikaingia mfukoni, na jina la bibi likaingia nacho. Kila unapopiga picha unamfungia mtu chumbani. Namwambia, sasa hayo yananihusu nini mimi, mimi niliishia darasa la sita, sikuja kusoma. Anasema, aliyekuleta anajua ulichokuja kufanya. Namwambia aliyenileta ni nani? Anainua kidole anaonyesha kamba yangu.

Nayo kamba imelegea. Nimesahau kuiangalia muda wote huu na sasa naiona imelala begani kwangu kama nyoka aliyeshiba. Huko juu mtu ameacha kuikaza. Nasikia damu inapanda. Yule wa buti anasogea, sauti yake nyuma yangu inakuwa ya taratibu, ya kindugu kabisa, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na anasema, hiki ni chepesi, hiki nakupa kwa sababu nakuonea huruma. Neno huruma linanichoma, nimelisikia asubuhi. Kitendawili. Tega. Si ndugu yangu, si mke wangu, lakini anajua ninavyokoroma. Na jibu lipo, naliona hilo hapo, kubwa kama ng'ombe barabarani. Nimelala na mtu mmoja godoro kwa godoro tangu nilipokuja mjini hapa, akiota najua, nikiumwa ndiye anayekwenda kunikorogea uji wenye madonge, na asubuhi ananiambia usiku umesaga mawe mpaka nimetoka nikakae nje. Lakini namfikiria na kamba yake iliyolegea, na Mama Kolowa anasema ukamalizane naye huko, na mdomo wangu unasema, mchawi. Yule wa buti anaweka sawa miji yake kwapani. Anasema, mchawi? Namwambia ndiyo, mchawi, anajua unavyokoroma, anajua lini umelala, nani mwingine. Anasema, nipe mji. Namwambia subiri, nabadilisha. Anasema, jibu likitoka halirudi, kama mate. Natoa Gairo. Upepo wake unanipita masikioni mara moja, baridi, na hiyo baridi ndiyo kitu cha mwisho. Jibu ni komredi, anasema. Bibi alikuwa na mjukuu Uhispania, walikuwa wanawaita hivyo askari wanaolala kambini chumba kimoja, yaani mwenzangu wa chumba. Baadaye watu wakalipandisha jukwaani, wakalipigia makofi, lakini maana yake ya kulala haijatoka. Ulikuwa unaliita jina lake kila siku, anasema, hukujua unaita nini.

Natembea na yeye anatembea, buti mbili za kiraka kimoja, na barabara inaingia mji mkubwa kuliko yote, dari yake iko mbali mpaka ina mawingu, na kila mtu humo hana sura na kila mmoja anajifanya ana shughuli. Mmoja ananishika mkono ananivuta pembeni, ananinong'oneza kisogoni, fungua kamba, haina mtu. Mwingine ananivuta upande wa pili, fungua, itakunyonga. Wote wanaitana pembeni wawiliwawili, wananong'ona, wananiangalia kwa nyuso wasizo nazo, na mimi nimeishika kamba kwa mikono miwili kwa ubishi tu, kwa sababu kitu ambacho kila mtu anataka nikiache lazima kina faida. Namuuliza yule wa buti, hawa wananong'ona nini? Anasema, huu ni mji wa Chemba, hapa hakuna linalosemwa katikati. Anasimama. Mbele yetu kuna benchi na juu ya benchi wamekaa wanne. Anasema, hiki ndicho cha mwisho, na mji uliobaki naujua. Hawa wote wanasema ni wajukuu wa Kamara. Mmoja ni mwongo. Mtaje.

Wa kwanza ni Kamera, ana jicho moja tumboni na analifumba na kulifumbua. Wa pili ameshikilia benchi anayumba, anasema yeye ni Kamra, ni pa kulala melini, alikuja na mabaharia, na tangu ateremke ardhi haijatulia. Wa tatu amejilaza, kofia imemfunika pale ambapo pangekuwa sura, anakoroma, na mkoromo wenyewe una kitu kama filimbi mwishoni ambacho nakijua, nakijua vizuri sana. Huyo ni Komredi, anasema yule wa buti. Wa nne anainuka kunipa mkono. Amenenepa, amevaa vizuri, na ndiye mtu pekee mji mzima mwenye sura. Sura nzuri, ya ushangazi, ya karibu ndani. Anasema, karibu mwanangu, mimi ni Chumba, pole na safari. Na kabla sijamuuliza anaanza kujieleza. Tumia masikio yako tu, anasema, Kamara, Kamera, Chemba, Chumba, si ni wimbo mmoja huo? Mimi na Chemba tumefanana mpaka tunachanganywa. Na maana yangu si ndiyo hiyohiyo, chumba? Sasa mwangalie huyo aliyelala. Komredi. Sauti haifanani, umbo halifanani, hana hata ukuta mmoja. Mwongo ni nani hapo? Watu wanaitikia kwa kunong'ona, Komredi, Komredi, mtaje Komredi.

Na nataka kumtaja. Nisidanganye, jina limeshafika kwenye meno. Asubuhi yote nimekuwa na hasira na jina hilo na sasa nimepewa nafasi ya kulitupa na kupewa Morogoro yangu nikaondoke. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja, mtu akinisaidia sana kufikiri namshuku, na huyu Chumba amenisaidia kupita kiasi. Namwambia yule wa buti, naruhusiwa kuuliza? Anasema uliza. Nawauliza, nyinyi mkiwa wengi mnaitwaje? Kamera anafumbua jicho, anasema, kamera. Kamra anasema, kamra, huku anatapika pembeni. Yule aliyelala anajigeuza, anasema usingizini, makomredi, zima taa. Chumba anacheka kwa upole, anasema, vyumba. Namwambia, rudia. Vyumba. Namwambia hao wote wakiwa wengi hawavai nguo mpya, wanabaki walivyoshuka melini, huyo mmoja kajiongezea ma kichwani tu. Wewe unavua unavaa kama mwenyeji anayejua kabati liko wapi. Hebu sema jina lako polepole. Chu-mba. Sasa mwite mama yako. Anajinyoosha nguo. Namwambia nitamwita mimi. Nyu-mba. Chumba, nyumba. Wewe umetoka tumboni kwa Nyumba, wewe ni nyumba iliyofanywa ndogo, hujavuka bahari yoyote. Kule nyuma mtu asiye na sura anasema, kumbe ni nyumba ndogo, na mji mzima unaangua kicheko, kicheko cha watu wasio na midomo, kinatoka ukutani. Chumba hacheki. Uso wake mzuri unalegea. Anasema, mimi nilikuwa hapa kabla hawa hawajateremka, wote nimewapokea mimi, wote wamelala kwangu, nilitaka tu na mimi niwe na ndugu. Na sasa namuonea huruma na nataka kufuta nilichosema, lakini jibu likitoka halirudi.

Umepata, anasema yule wa buti. Mji wako unabaki. Anasukuma kioo na nyuma yake iko Morogoro, mchana, milima imekaa mahali pake, uwanja wa Mama Kolowa umefagiwa, nguo kambani, na mimi mwenyewe niko pale nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai, nimetulia. Anasema, pita. Ila mlangoni hapapiti kamba, ifungue. Kamba bado imelegea begani. Nikiifungua, hatua moja, chai. Nisipoifungua, nimefungwa kwa mtu ambaye sijui kama yupo. Namwangalia yule Pazi wa kwenye kigoda. Amekaa muda mrefu sana bila kutikisa goti. Mimi mama yangu alikuwa ananifunga mguu na khanga kanisani ili nitulie. Namuuliza yule wa buti, huyo ni mimi? Anasema, ni wewe ukishaacha kushuku. Namwambia basi si mimi. Kule kwenye benchi mkoromo unakata. Kimya. Mtu anapokoroma halafu ananyamaza ghafla, aliyelala naye chumba kimoja huwa anaamka, ndivyo ilivyo, huwezi kuzuia, na kitu ndani yangu kinaamka, na kinasema mchawi au si mchawi huyu ndiye ninayemjua, hawa wengine hata nyuso hawana. Naikusanya kamba, naizungusha mkononi, navuta kwa nguvu zangu zote. Dari inapasuka. Kamba inakaza. Miguu inaacha lami, yule wa buti ananidaka kisigino, buti inamvukia mkononi, na napanda kupita miji iliyokunjwa kwapani, sahani, sinia, jua.

Mtu amenikalia kifuani ananipiga makofi. Jua liko nyuma ya kichwa chake kwa hiyo usoni ni kweusi tupu, na nampiga ngumi ya sikio. Anasema, sawa, yuko hai. Ni sauti ya Komredi, na inatoka mbele. Mama Kolowa ananimwagia maji ya ndoo nzima, anasema, mwanangu umetutia presha, hewa ya humo ni mbaya, nimewaambia siku zote mchome majani kwanza. Nimelala uwanjani, ndani ya tope. Mguu mmoja una buti, mwingine hauna. Namuuliza Komredi, umenisikia nilivyovuta? Anasema, hujavuta. Namwambia nimevuta kwa nguvu zote. Anasema, Pazi, hujavuta kitu, kamba ilikuwa imelegea kabisa. Mimi ndiye nimevuta. Kwa nini umevuta? Kwa sababu ulikuwa kimya, na wewe hukai kimya hata usingizini, nikashuku. Anakaa chini anahema, viganja vyake vimechubuka, ngozi imevuka. Naviangalia. Halafu nasema nililonalo, sina mazoea ya kulimeza. Asubuhi umeambiwa unipeleke chemba ukanimalize. Nimesikia kwa masikio yangu.

Komredi ananiangalia. Mama Kolowa ananiangalia. Halafu Mama Kolowa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anacheka mpaka anajishika mbavu, anasema, ee Mungu, nilimwambia akuite chemba, mtoto wewe, pembeni, mkaongee kama wanaume, nani amesema shimo? Komredi hacheki sana. Anasema, naoa, mwanangu. Mwezi ujao. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Namwambia kwa hiyo ndiyo natolewa chumbani. Anasema, sikia huyu, ninayetoka ni mimi, naenda kupanga kwa wakwe zangu Kihonda, chumba nilikuwa namwomba mama akuachie wewe, peke yako, ndilo alilokuwa anataka nimalizane na wewe. Ndiyo huruma ile. Nasema, ahaa. Nasema, hongera. Natakiwa nifurahi na najua hivyo, kumbe mtu anaweza kupewa chumba kizima akajisikia amefukuzwa. Nashika ardhi, ni ngumu, ni ya kweli, lakini na lami ilikuwa ngumu. Nashika uso wake kwa kidole, pua, mdomo, anautoa mkono wangu anasema, unanishikashika nini wewe?

Namuuliza, Komredi, ukishahama, mimi nitajuaje kama nimeamka? Anasema, unaongea kama mlevi. Namwambia nijibu. Anafikiri kweli, anakuna sikio nililompiga. Anasema, utafungua mlango utaangalia chooni. Nyumba hii ina wapangaji tele, ukikuta foleni ujue umeamka. Mama Kolowa anaanza tena kucheka. Nageuza shingo. Mlango wa choo uko wazi, unapigwapigwa na upepo, na hakuna mtu hata mmoja.